Mwanafunzi Wangu Anaamini Nitamvusha Mtihani, Nami Sijui Nimwambie Nini

Mpendwa Mshauri,

Ninafundisha Kiingereza kwa watu wazima ambao lugha hiyo si yao ya kuzaliwa. Mimi mwenyewe pia si mzawa wa Kiingereza; nilijifunza shuleni, nikaisomea chuoni, na leo ndiyo kazi inayonipa riziki. Darasa langu kuu ni la maandalizi ya IELTS, mtihani wa kimataifa unaopima Kiingereza kwa alama hadi 9. Wengi wa wanafunzi wangu wana taaluma zao tayari, kwani wamo wahandisi, wahasibu, wafamasia na wauguzi, na wanakuja kwangu kwa sababu kuna mlango mbele yao ambao haufunguki mpaka waonyeshe cheti chenye alama zinazotakiwa.

Miongoni mwao yumo mama mmoja, muuguzi wa miaka mingi, anayetaka kusajiliwa afanye kazi Uingereza. Baraza la Wauguzi na Wakunga la nchi hiyo linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Zile tatu za kwanza amekwisha kuzipata. Kuandika ndiko kunakomkwamisha. Amefanya mtihani mara kadhaa na karibu kila mara anapata 5.5. Safari moja tu alipata 6, tukafurahi pamoja tukidhani sasa ameshika njia, lakini mtihani uliofuata akarudi palepale pa 5.5.

Ada ya mtihani anaitoa kwenye mshahara wake, na najua mara ya mwisho ilibidi akope kwa ndugu yake. Kuna siku anaingia darasani akitoka moja kwa moja zamu ya usiku, macho mekundu, na bado anakaa mstari wa mbele na kuandika kila ninachosema. Hakosi kipindi. Hachelewi. Wanafunzi wenzake wanamheshimu, nami pia.

Kinachonisumbua ni kwamba akizungumza, utadhani si mtu yuleyule. Siku moja niliwaomba wanafunzi waeleze jambo wanalolifanya kila siku kazini. Yeye akaeleza jinsi anavyomkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa zamu inayofuata: aanze na lipi, lipi lisisahaulike, dawa ipi imekwisha kutolewa na ipi bado, na ni dalili gani ikitokea daktari aitwe bila kungoja. Aliongea kwa utulivu, kwa mpangilio, na darasa zima lilinyamaza kumsikiliza. Lakini ukimpa mada ya insha, mpangilio ule wote unapotea. Kila sentensi ya pili inaanza kwa kiunganishi kizito alichokikariri, “Moreover” hapa, “Furthermore” pale, hata pasipo na jambo la kuunganisha. Sentensi zinarefuka mpaka zinamshinda. Vitenzi vinahama wakati katikati ya aya, na vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino ama havipo, ama vipo pasipotakiwa. Nimesahihisha insha zake zote kwa kalamu nyekundu, neno kwa neno, na wiki inayofuata makosa ni yaleyale kana kwamba sikuandika kitu.

Nilipokuwa masomoni tulifundishwa kwamba kuna makosa ya mwanafunzi ambayo hufika mahali yakakakamaa, yasiondoke hata ufundishe vipi. Ninaamini yake yamefika huko, au yanakaribia. Kwa maoni yangu ya dhati, mama huyu anapaswa kuacha kufanya mtihani kwa muda, atoke katika darasa la mtihani, na arudi katika darasa la kawaida la Kiingereza kwa mwaka hivi. Hakuna aliyemwambia hivyo.

Wala mimi siruhusiwi kumwambia. Mkurugenzi wa kituo chetu alitutangazia kikaoni kwamba ni marufuku mwalimu kumwambia mwanafunzi kuwa hayuko tayari kwa mtihani. Tangazo la kituo linasema alama zimehakikishwa. Nilipomfuata faraghani kuhusu mwanafunzi huyu, alinijibu kwamba kazi yangu ni kufundisha, na kwamba kuacha au kuendelea ni uamuzi wa mwanafunzi na mfuko wake. Mkataba wangu ni wa muhula kwa muhula, na kuna watu wanaokula kwa kazi hii.

Lipo jambo jingine ambalo linaniuma zaidi kuliko ninavyopenda kuonyesha. Mwenzake mmoja wa kazini alimwambia kwamba angefundishwa na mwalimu mzawa wa Kiingereza angekuwa ameshapita zamani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena akicheka, akaongeza kwamba hawezi kuniacha. Tangu siku hiyo ninajiuliza kama mwenzake hakusema kweli.

Wiki iliyopita, darasa lilipokwisha, alibaki nyuma akaniuliza, “Mwalimu, niambie kweli, mara hii nitapita?” Usajili wa mtihani ujao unakaribia kufungwa. Nikamwambia tuzidi kujitahidi. Aliitikia kwa kichwa akaondoka, na tangu hapo sina amani. Je, nimwambie ninavyoamini na kuvunja moyo wake, pengine na kupoteza kazi? Ninyamaze nimwache aamue mwenyewe? Au nimtafutie mwalimu mwingine, mzawa, nijitoe?

Ni mimi,
Mwalimu wa Njia Panda

JIBU

Mwalimu mpendwa,

Asante kwa kuniandikia kwa kina namna hii. Barua yako inaonyesha kwamba humwoni mwanafunzi huyu kama namba katika orodha ya mahudhurio, na hilo pekee linamfaa kuliko unavyodhani, hata katika wiki hii ambayo unajiona umemjibu kwa nusu jibu.

Nikikusoma vizuri, unamfundisha mtu mwenye bidii ambaye amekwama katika stadi moja kati ya nne. Umefikia imani kwamba kuendelea kufanya mtihani kunamla fedha na nguvu bila faida, na ungependa kumwambia hivyo, lakini unazuiliwa na mambo matatu: unaogopa kumuumiza, unamwogopa mwajiri, na unashuku kwamba pengine tatizo ni wewe. Mambo hayo yamefungamana baruani mwako kiasi kwamba swali la mwisho linasikika kama moja tu, la kusema au kunyamaza. Mimi ningependa tuanzie nyuma kidogo. Kabla ya kuuliza kama umwambie ukweli, tuutazame ukweli wenyewe, kwa sababu sina hakika kwamba ulio nao mkononi umekamilika.

Tazama alama zake. Katika ulinganisho ambao IELTS yenyewe imeutoa na mfumo wa viwango vya lugha wa Baraza la Ulaya, ule wa A1 (ngazi ya chini kabisa) hadi C2 (ya juu kabisa) uliochapishwa mwaka 2001, alama 7 huangukia C1, na alama za 5.5 hadi 6.5 huangukia B2. Maana yake ni kwamba katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, mama huyu amefika C1. Mtu huyu Kiingereza anacho. Alichokosa ni alama moja kamili katika kuandika insha ya kitaaluma kwa muda uliopimwa, na safari moja alibakiza nusu alama tu. Sasa linganisha hali hiyo na dawa unayoifikiria. Darasa la kawaida la Kiingereza hugawa muda wake kwa stadi zote, na tatu kati ya hizo tayari anazo kwa kiwango anachohitaji. Cambridge, taasisi inayoandaa mitihani ya Kiingereza, hukadiria kwamba mwanafunzi hufika B2 baada ya saa 500 hadi 600 za mafunzo ya kuongozwa, na C1 baada ya saa 700 hadi 800, yaani takriban saa 200 kati ya ngazi hizo mbili. Lakini makadirio hayo ni ya lugha nzima. Inawezekana yeye anahitaji saa chache zaidi, zote zikiwa za kuandika. Inawezekana pia uko sawa, anahitaji mwaka. Ninachosema ni kwamba barua yako bado haijanionyesha ni kwa nini uwe mwaka, wala kwa nini darasa lile.

Niruhusu nikae hapa kidogo, maana nadhani ndipo penye uzito. Cheti cha IELTS huonyesha alama moja ya kuandika, na hakisemi imetoka wapi. Lakini wasahihishaji hupima vigezo vinne vyenye uzito sawa: namna swali lilivyojibiwa, mtiririko na mshikamano wa hoja, msamiati, na sarufi. Kazi ni mbili ndani ya dakika 60, ya kwanza isiyopungua maneno 150 na ya pili isiyopungua 250, na ile ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Uliponieleza udhaifu wake, ulinitajia hasa sarufi. Hukuniambia kama anajibu swali lililoulizwa au lile alilojiandaa nalo. Hukuniambia kama anamaliza insha ya pili kabla ya muda kwisha. Hukuniambia kama huwa anaandika akitoka zamu ya usiku. Yote hayo yanaweza kumshusha bila kuhusiana hata kidogo na makosa yaliyokakamaa.

Na vile viunganishi vizito ulivyonitajia, usivipite haraka. Maelezo ya vigezo yako hadharani, na katika alama 6 ya mshikamano yanataja viunganishi vinavyotumika kimashine au kwa makosa. Kwa hiyo kile ambacho mwanafunzi wako anakiona kuwa pambo la insha huenda ndicho kinachomzuia asipande. Jiulize bila kujilaumu: alivipata wapi? Madarasa mengi ya mtihani hugawa orodha za maneno kama hayo siku za mwanzo kabisa, na mwanafunzi mwenye bidii kuliko wote ndiye anayezikariri kuliko wote. Mtu anayeweza kumkabidhi mgonjwa kwa mpangilio ulioueleza anajua tayari jambo lipi litangulie na lipi lifuate. Ningependa sana kujua kinachotokea ukimpa mada ya insha akaieleza kwanza kwa mdomo, wewe ukinukuu anavyosema, kisha akaandika kutokana na maneno yake mwenyewe, bila kiunganishi hata kimoja cha kukariri.

Kuhusu makosa kukakamaa, dhana hiyo ina heshima yake. Mwanaisimu wa Marekani Larry Selinker aliielezea mwaka 1972, alipoandika kuhusu lugha ya katikati anayoijenga mwanafunzi akiwa njiani kuelekea lugha anayojifunza, na jinsi sehemu za lugha hiyo zinavyoweza kusimama zisisogee tena. Walimu wengi tumeona jambo hilo kwa macho yetu. Hata hivyo, wanazuoni hadi leo wanajadiliana kuhusu chanzo chake na kama kweli ni la kudumu, na ukiwa darasani ni vigumu sana kumtofautisha mwanafunzi aliyesimama na yule ambaye hajapata namna ya kusahihishwa inayomfaa. Insha iliyojaa wino mwekundu humwambia mwandishi kwamba makosa ni mengi, na haimwambii lipi aanze nalo. Muuguzi aliyechoka ataitazama karatasi hiyo, atasikitika, ataikunja na kuiweka mkobani. Wapo walimu wanaochagua makosa mawili tu kwa muhula, yale yanayomgharimu zaidi, wakayafuatilia hayo katika kila insha na kuyaacha mengine kwa makusudi. Si njia isiyo na hatari, kwa sababu yanayoachwa yanaweza kuota mizizi na mwanafunzi anaweza kudhani mwalimu amelegea. Lakini ni njia ambayo, kwa ulivyonisimulia, bado hamjaijaribu.

Unaweza kuchukua insha zake chache za karibuni na kuzisoma upya bila kalamu, ukiwa na vigezo vile vinne pembeni, na kuzipa alama kigezo kwa kigezo. Ukiwa na mwalimu mwenzako unayemwamini, mpe nakala zisizo na jina naye afanye vivyo hivyo. Baada ya hapo utakuwa na kitu cha kumwonyesha, na unachokiita ukweli pengine kitakuwa kimebadilika sura.

Sasa niliguse lile linalokuuma. Imani kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wake ni ya zamani katika kazi yetu. Wanazuoni waliouchambua mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza uliofanyika Makerere, Uganda, mwaka 1961, wameitaja kuwa mojawapo ya misingi iliyopata nguvu kupitia mkutano ule, na tangu wakati huo imepingwa kwa hoja nzito. Hata ule mfumo wa Baraza la Ulaya, ulipopanuliwa mwaka 2018, uliondoa mzawa katika maelezo yake asiwe tena kipimo cha mwanafunzi. Na hapa tunazungumzia kuandika insha ya kitaaluma, jambo ambalo hata mzawa wa lugha hulisomea shuleni kwa miaka. Wewe ulijifunza kuandika hivyo katika lugha uliyoipata kwa jasho, kwa hiyo unajua mahali ambapo mtu huteleza.

Hilo halimaanishi kwamba mwalimu mwingine hawezi kumsaidia. Anaweza, mzawa au asiye mzawa, kwa sababu ya jicho jipya tu. Ninachokuomba ukichunguze ni sababu inayokusukuma. Ukimpeleka kwingine kwa kuwa umeona anahitaji kitu usichoweza kumpa, hiyo ni kazi ya mwalimu. Ukimpeleka kwa kuwa maneno ya mwenzake yamekuchoma, yeye ndiye atakayelipa gharama: mwalimu mpya, mwanzo mpya, na pengine kuhisi kwamba umemchoka.

Zipo pia njia ambazo huenda hajaambiwa. Baraza lile la Uingereza halikubali IELTS peke yake. Linakubali pia OET, mtihani wa Kiingereza ulioandaliwa mahususi kwa watu wa afya, ambapo muuguzi anatakiwa kupata daraja B katika stadi tatu na C+ katika kuandika. Katika mtihani huo muuguzi haandiki insha. Anapewa kumbukumbu za mgonjwa na kuandika barua ya kitaalamu ya takriban maneno 180 hadi 200, kwa kawaida ya kumpa mgonjwa rufaa, kumhamisha au kumruhusu arudi nyumbani. Nilipofika kwenye maelezo yako ya siku ile aliposimama na kulinyamazisha darasa, nilifikiria barua hiyo mara moja. Lakini usimpe kama habari njema tupu. Ada ya mtihani huo kwa kawaida ni kubwa kuliko ya IELTS, huenda akalazimika kufanya stadi zote nne upya, na makosa ya sarufi yatamfuata huko pia. Vilevile IELTS ina utaratibu wa kurudia stadi moja tu, ambao haupatikani katika kila kituo wala haukubaliwi na kila taasisi, na Baraza lina masharti yake ya kuunganisha matokeo ya mitihani miwili. Masharti haya hubadilika. Hadi mwishoni mwa mwaka 2018 hata kuandika kulihitaji alama 7. Afadhali ayasome mwenyewe, kama yalivyo leo, katika taarifa rasmi za Baraza.

Na hapa kuna jambo linalogusa moja kwa moja wazo lako la kumwambia apumzike mwaka. Matokeo ya IELTS kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka 2. Zile alama 7 alizozipata kwa shida zinazeeka wakati yeye anapumzika. Kuendelea kuna gharama, na kuacha nako kuna gharama, na nadhani ana haki ya kuzijua zote mbili kabla hajachagua.

Tuje kwenye mazungumzo yenyewe. Umeandika kana kwamba wewe ndiye utakayemletea jambo zito asilolitarajia. Lakini yeye ndiye aliyebaki nyuma, akasema, “niambie kweli.” Huenda anajua zaidi ya unavyofikiri. Huenda alitaka kutiwa moyo, na huenda alikuwa anatafuta mtu wa kumpa ruhusa ya kupumzika. Sijui alikuwa na lipi moyoni, nawe pia hujui, na hilo ni jambo linaloweza kuulizwa: “Ulipouliza kama utapita, ulitaka tuzungumze kuhusu nini?” Kumbuka pia kwamba mama huyu ni muuguzi, na kupokea na kutoa habari nzito ni sehemu ya kazi yake. Muuguzi mzuri hamtabirii mgonjwa. Humweleza kipimo kimeonyesha nini, yapo matibabu gani, na kila moja lina uzito gani, kisha hukaa naye anapofikiri. Unaweza kuzungumza naye kwa namna hiyo anayoijua. “Hutapita” ni utabiri, na huna uwezo nao. “Nimezisoma insha zako tatu kwa vigezo vya mtihani, nimezipa 5.5, na sababu kubwa ni hizi mbili” ni taarifa, na hiyo unayo, au utakuwa nayo.

Hata ukisema kwa upole kiasi gani, anaweza kusikia kwamba hawezi. Anaweza kukasirika, akahamia kituo kingine kinachoahidi makubwa zaidi. Anaweza kukushukuru na bado akajisajili kesho yake. Ukianza mazungumzo haya, uwe tayari kwamba uamuzi utakuwa wake kweli, hata kama utakuwa ule unaouhofia.

Kuhusu mkurugenzi wako, kuna upande mmoja wa maneno yake ambao siwezi kuupinga: kuacha au kuendelea ni uamuzi wa mwanafunzi. Lakini mtu haamui vizuri juu ya jambo alilofichwa, na alama zisizotolewa na kituo haziwezi kuhakikishwa na kituo, kwa kuwa mitihani hiyo husahihishwa na watu wengine kabisa. Unaweza kumrudia ukiwa na pendekezo badala ya malalamiko, kwa mfano kipindi cha kuandika peke yake kwa wanaorudia mtihani, jambo ambalo linaweza kukifaa kituo chenyewe. Akikataa, atakuwa amejua unavyofikiri, na katika mkataba wa muhula kwa muhula hilo si dogo. Unaweza pia kutomfuata kabisa ukabaki ndani ya kazi yako, maana kuna tofauti kati ya kumwambia mwanafunzi asijisajili na kumweleza insha yake ina thamani gani na kwa nini; hili la pili ni ufundishaji, na ni vigumu kuona mwajiri gani angelikataza kwa maandishi. Usome mkataba wako kwa makini kabla ya lolote. Na kama litakujia wazo la kumfundisha pembeni, hata bure, lifikirie mara mbili: mikataba mingi inakataza, na ushauri wako wa kumtoa darasani utaonekana kama njia ya kumvutia kwako. Kuhusu hatari ambayo nyumba yako inaweza kuibeba, mimi nikiwa huku siwezi kukupimia. Wewe ndiye unayejua wanaokutegemea na akiba iliyopo.

Limebaki lile la usajili unaokaribia kufungwa. Ikiwezekana, mazungumzo yenu yatangulie malipo, kwa sababu ada ikishalipwa kila utakalosema litasikika kama lawama juu ya fedha zilizokwisha kutoka. Isipowezekana, tarehe hiyo isiwakimbize. IELTS hufanyika mara nyingi kwa mwaka, hasa inayofanywa kwa kompyuta, na anayeikosa tarehe moja kwa kawaida hupata nyingine muda si mrefu. Na akisema kwamba anajisajili hata hivyo, bado mtakuwa na siku zilizobaki kabla ya mtihani, ambazo mnaweza kuzitumia kwa yale makosa mawili mliyoyachagua, naye akianza kila insha kwa kuieleza kwanza kwa mdomo.

Wako katika ushauri,
Mshauri